Nilivyoipeleka Nyumba Yangu Rongai

Siku tuliyomzika mama, ndugu yangu mkubwa alinishika mkono mbele ya wakwe na watu wa kanisa, akaniondoa kwenye viti vya mbele. "Wewe kaa kule kwa tenti ya wageni," akasema. "Hapa wanakaa wenye nyumba."

Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayepanga viti tu. Nikaenda, kwa sababu mama alikuwa kwenye jeneza na sikutaka apigiwe kelele. Nilimzika mama yangu nikiwa nimeketi kati ya dereva wa gari la maiti na mwanamke mmoja aliyekuwa akiniuliza marehemu alikuwa nani.

Alipata wapi nguvu ya kuniambia hivyo? Baba yetu alitoka magharibi akiwa kijana kufanya kazi ya reli, na wazungu walipouza mashamba akapata kipande Rongai ya Nakuru. Alihamia hapo na desturi za kwao zote. Mvulana akiota ndevu anajenga nyumba yake ndani ya boma la baba. Asiye na nyumba bomani hana sauti bomani. Watu wakikaa kuzungumza, yeye anangoja nje aambiwe walivyokubaliana. Mimi yangu niliijenga kwa mikono yangu, udongo na mabati, upande wa chini karibu na kisima. Kisha nikaenda Naivasha kutafuta maisha, kwa sababu darasa la tatu nilikoishia halikuniahidi ofisi. Nilikata maua ya watu. Nikauza samaki. Nikachotea watu maji kwa punda mpaka nikanunua pampu. Leo pale Kamere, kando ya ziwa la Naivasha, nina ploti ya nyumba za kupangisha na hakuna mtu aliyenishika mkono, si mwanasiasa, si ndugu.

Nikiwa huko, huyu ndugu yangu alibomoa nyumba yangu. Alisema ilikuwa imeinama. Sawa, nyumba ya udongo huinama. Lakini hakuishia hapo. Alifunga ng'ombe plau, akalima pale pale, akapanda nepia, nyasi ya kulisha ng'ombe wake wa maziwa. Kwetu mahali palipokuwa na nyumba ya mtoto wa boma hapalimwi, ila awe amekufa na hakuacha mtu. Ndugu yangu alinilima nikiwa hai.

Baada ya mazishi nilipeleka nguzo nijenge tena. Akasimama juu ya shimo la kwanza, mikono nyuma. "Hakuna kuchimba hapa mpaka familia ikae kikao, shamba ligawanywe."

"Na kwenye kikao nitaongea?"

"Si unajua wanaoongea ni nani," akasema.

Yaani sina nyumba kwa hivyo siongei, na siongei kwa hivyo sipati nyumba. Shamba la marehemu baba ligawanywe mbele yangu kama mimi ni mpita njia. Nilirudi Kamere na nguzo zangu nyuma ya gari. Na nikiwa njiani ndipo nilifikiria nyumba ambayo haihitaji kuchimbiwa shimo.

Basi lilikuwa la shule, limekaa kwenye uwanja wa mekanika Naivasha mpaka nyasi zikaota mlangoni. Injini nzima, viti vimeng'olewa, rangi ya manjano imechujuka kama uji. Nililivuta mpaka nyumbani na watu wakaniuliza kama nimeanza biashara ya matatu. Nilikata, nikachomelea, nikapiga mbao ukutani. Nikaweka kitanda cha vyuma nyuma, kabati, sinki, tangi la maji juu ya paa, na jiko la kuni lenye bomba linalotokea juu. Gesi ningeweza kuweka. Nilitaka moshi. Kwetu nyumba inahesabiwa asubuhi moshi wake ukionekana na majirani. Kila skrubu niliyokaza niliikaza nikifikiria shingo ya mtu mmoja.

Mke wangu hakuwa na habari ya shingo. Yeye alishona mapazia, akatandaza zulia la plastiki, akasema maisha yake yote amesafiri kwenda mazishi tu, na sasa anataka kwenda mahali ambapo hakuna mtu amekufa. Akachagua Baringo. Alikuwa ameona picha za maji ya moto yanayoruka kutoka ardhini, akaamua atachemshia mayai hapo. Nikamwambia sawa, Baringo, lakini tutalala Rongai njiani.

"Kwa ndugu yako?"

"Kwa baba yangu."

Akaniangalia kidogo. "Usiku mmoja."

"Usiku mmoja," nikasema.

Tuliondoka Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya kikao cha kugawa shamba, kilichokuwa kimepangiwa Jumamosi. Barabara ya ziwani ilitikisa kila kijiko tulichokuwa nacho. Kufika lami kubwa, nikajua kitu ambacho sikuwa nimekijua nikiwa uwanjani: basi lililobeba kitanda, kabati na tangi la maji halipandi kama basi la watoto. Mlima wa kwenda Gilgil tulipanda na gia ya kwanza, malori yakitupita, madereva wakiinama kuangalia ndani. Mke wangu alikuwa ameketi kwenye kochi akiwapungia mkono kama gavana. Karibu na juu kabisa maji yalichemka. Nikaegesha, nikafungua boneti, nikasimama kando ningoje ipoe. Niliongea na hiyo injini maneno ambayo sitayaandika.

Afande mmoja wa barabarani akaja na kitabu chake kwapani. Akazunguka basi lote. Akapanda ngazi, akachungulia.

"Mzee, hii umebeba nini?"

"Sijabeba. Hii ni nyumba."

"Naona kitanda. Naona sufuria. Wewe ni mwenye nyumba ama mpangaji?"

Mke wangu akajibu kabla yangu. "Mwenye nyumba ni mimi, na wewe afande umesimama sebuleni kwangu na viatu vya matope."

Yule afande akashuka, akavifuta viatu kwenye nyasi, akarudi. Alikunywa chai. Akaangalia taa na breki, akasema kila kitu kiko sawa ila mzee apunguze hasira kwa klachi, ameisikia ikilia kutoka chini kule.

Kikopey tulipita bila kusimama ingawa harufu ya nyama choma iliingia kwa madirisha yote. Ziwa Elementaita likaonekana kule chini, jeupe pembeni, na mke wangu akauliza kama ndilo Baringo. Nikamwambia Baringo ni mbali na ni joto. "Mbali ni vizuri," akasema. Nakuru makanga mmoja alikimbia kando yetu akipiga bodi ya gari na kiganja, "Boss, unabeba wa Eldoret? Niko na wawili!" mpaka akaona pazia na sufuria, akaacha kukimbia. Kutoka hapo nilikuwa nikipanga maneno. Niliyapanga, nikayapangua, na yote yalianza na jina la ndugu yangu.

Tuliingia bomani jua likiwa bado juu. Nilipiga honi kutoka barabara ya chini mpaka langoni bila kuitoa mkono. Watu wakatoka majikoni. Nililipeleka mpaka ukingo wa nepia upande wa kisima, nikalisimamisha kioo cha mbele kikitazama mlango wa ndugu yangu, nikazima.

Alikuja polepole, kofia kichwani. Ana mgongo mbaya siku hizi. "Hiki ni nini?"

"Uliniambia wenye nyumba. Nimekuja nayo."

"Hili ni gari."

"Panda uone kitanda."

Hakupanda. Alituma mtu amwite baba mdogo, ndugu wa mwisho wa baba yetu aliye hai, ambaye ndiye anakaa mbele kwenye vikao. Mzee yule alikuja na fimbo yake. Aliingia, akaketi kitandani, akagusa jiko, akauliza kuni ziko wapi, akaonyeshwa. Akashuka, akasimama kando ya gurudumu la nyuma na kuligonga na fimbo.

"Nyumba ninazozijua mimi hazina magurudumu," akasema. "Nikikuhesabu leo, kesho kutwa ukipiga stata, nimehesabu nini?"

Ndugu yangu akacheka. Kicheko kifupi tu, cha puani. Labda bila kile kicheko ningegeuza gari niende zangu. Sijui. Nafikiri hapana.

"Na nikiyatoa?" nikamuuliza baba mdogo.

"Ukiyatoa, likae chini kama nyumba za wengine, na kesho asubuhi nione moshi, utaongea."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi. "Ukiyatoa yatarudi?"

"Yakibaki hapa watayaona na watajua naweza kuondoka. Hayarudi."

"Na Baringo?"

"Baringo haijaenda popote."

"Hata hilo shamba lako halikuwa limeenda popote," akasema, akaingia ndani.

Nilitoa magurudumu. Wanaume wa jirani walikuja na jeki zao na mawe ya kujengea, na wengine walikuja kuangalia tu. Nati zilikuwa zimeota kutu, tulizifungua kwa kuruka na miguu juu ya spana. Jua lilipokuwa linazama basi lilikuwa limekaa juu ya mawe, limeinama kidogo upande wa dereva, na yale magurudumu nikampa mwanamume aliyekuwa na trela la kubebea nyasi. Ayachukue hapo hapo, watu wakiona. Ndugu yangu aliona. Kicheko kilikuwa kimeisha.

Asubuhi niliwasha jiko na kuni mbichi makusudi. Ule moshi ulionekana mpaka barabarani.

Kwenye kikao niliketi mbele. Ndugu yangu aliongea kwanza, akaongea sana, habari ya nani alikaa na wazazi na nani alikimbilia mjini. Nilimwacha amalize. Baba mdogo akanigeukia, akasema, "Haya, mwenye nyumba ya chini."

Yale maneno niliyopanga njiani yote yalikuwa yamepotea. Nikasema machache. "Sitaki sehemu ya juu yenye rutuba. Sitaki ya barabarani. Nataka pale nyumba yangu ilipokuwa, kuanzia kisima mpaka ua. Na nepia itolewe na mtu aliyeipanda. Kwa jembe. Leo."

Watu wakanong'ona. Mama mmoja wa ukoo akasema, "Baba, huyu ana mgongo. Si wanawe watoe?"

"Wanawe hawakunilima," nikasema.

"Basi trekta."

"Mimi sikulimwa na trekta."

Baba mdogo alichora mstari kwenye vumbi na fimbo yake. Kisha akasema haki ninayo, ila anasikitika naitaka yote. Nikamwambia naitaka yote.

Mtu ambaye hajang'oa nepia ya zamani hajui kazi. Mizizi inashikana kama sufu, jembe linaruka. Nilitoa kiti nikakiweka kwenye kivuli cha basi, nikaketi, nikamwangalia ndugu yangu akilima kutoka baada ya kikao mpaka jioni. Alivua koti, akavua kofia. Alisimama mara nyingi mkono kiunoni. Watoto wake walikuja na majembe, akawafukuza mwenyewe. Hilo nampa, hakutaka kusaidiwa. Hakunitazama hata mara moja. Mimi sikuondoa macho. Nilikuwa nimeona mazishi ya mama yangu kutoka tenti ya wageni, na sikutaka kupitwa na kitu.

Mke wangu hakutoka nje siku hiyo. Usiku alipakia mayai kwenye sanduku lake, akayafunga na leso. Asubuhi akaenda barabarani kungoja gari la Marigat, la kumfikisha Baringo. Nikamfuata mpaka langoni.

"Utaenda peke yako?"

"Kwani nyumba yako inaenda?"

Akaenda. Alirudi baada ya siku kadhaa na asali, amechomwa na jua puani, na habari zote za yale maji ya moto akawapa wanawake wa boma, si mimi. Mpaka leo nikimuuliza huniambia niende nikaone.

Akiwa bado huko, ndugu yangu alikuja kunibishia hodi. Ilikuwa mchana, mvua inaanza. Nilikuwa nimelala kitandani na viatu. Nikamwona kwa dirisha, ameshika chupa ya chai na vikombe viwili, anatembea kama mtu aliyebeba gunia.

"Uko?" akauliza.

"Niko."

"Nimeleta chai."

Watu wa kanisa wameniambia hapo ningefungua. Mimi nilikaa kitako kitandani nikafikiria vile vikombe viwili. Alikuwa amefikiria atakaa kwenye kochi langu, tunywe, azungumze habari ya mvua, na iwe imeisha.

"Weka kwa ngazi," nikasema.

Nikasikia chupa ikiwekwa juu ya bati, kisha kikombe kimoja. Kile kingine alirudi nacho. Mvua ilikuwa imekolea na njia ya mkato kwenda kwake inakata katikati ya pale alipolima, udongo mtupu sasa, hakuna kitu kinachozuia mtu. Alifika ukingoni akasimama. Halafu akageuka akafuata ua, polepole, mgongo ukimuuma, akazunguka mahali pangu pote mpaka upande wa pili, akalowa kichwa na mabega.

Nilisogea dirishani nikamwangalia mpaka akafika kwake. Kisha nikafungua, nikachukua chai yangu.