Mikungu Iliyovaa Reflekta

Reflekta ya kwanza niliyomshonea mume wangu ilikuwa nzuri mno, na huyu anayesema ni fundi cherehani ambaye akiharibu kazi hujisema mwenyewe kabla ya mteja. Kitambaa cha rangi ya chungwa, tepe mbili pana za kumeremeta zikimulikwa na taa, zipu isiyokwama. Mume wangu hubeba ndizi kwa pikipiki kutoka Kinyala hadi sokoni Tukuyu, na asubuhi barabara humezwa na ukungu. Hofu yangu ilikuwa moja tu: gari limjie kwa nyuma bila kumwona. Alipoivaa nikaona hofu imekwisha, nikalala usingizi wa pono.

Nilisahau tunaishi wapi.

Asubuhi moja nilikuwa natoka hospitali ya Igogwe kumtazama shangazi aliyelazwa, nikapewa lifti kwenye pikapu ya rafiki wa mume wangu, mfugaji anayepeleka maziwa mjini. Mvua ilikuwa ya rasharasha, ukungu umegusa kioo. Mbele yetu kulikuwa na mgomba. Nasema mgomba kwa sababu ndivyo tulivyoona sote wawili, majani ya kijani kandoni mwa lami, na wilaya hii nani ashangae migomba? Kisha mgomba ukasogea. Dereva alikanyaga breki, pikapu ikaserereka, madumu ya maziwa yakagongana huko nyuma, tukasimama karibu kiasi kwamba ningeweza kuchuma ndizi moja kupitia dirishani.

Dereva akashusha kioo ili atukane. Mwenye pikipiki akageuka, na alikuwa mume wangu.

Nilishuka nikiwa nimewaka. Reflekta alikuwa ameivaa, sikatai, lakini juu yake kulikuwa na koti jeusi la mvua, na nyuma yake mikungu minne iliyofunikwa majani isichubuke, imeziba taa yote ya nyuma. Nilimuuliza koti linafanya nini juu ya reflekta. Akajibu kwa aibu kwamba hakutaka kazi ya mikono yangu ilowe. Nilikosa pa kupeleka hasira. Akaongeza kuwa ajali haina kinga, na hapo hasira ikapata pa kwenda.

Lakini jamani, kabla hata hajawasha pikipiki, wazo lilikuwa limeshaniingia! Nilikuwa nimemvisha mtu, kumbe dereva wa nyuma haoni mtu, anaona mzigo. Kesho yake nilikuwa sokoni na futi yangu ya kupimia, naizungushia mikungu kiuno kwa kiuno, na wauza ndizi wakaniuliza harusi ya hizo ndizi ni lini. Niliwaambia wajiandae kuchanga. Nilishona vazi la turubai la rangi ya chungwa, lenye kamba za kufungia chini na tepe za kumeremeta zilizokatiza mgongoni, nikabandika nyingine kwenye lile koti jeusi. Cherehani ilikuwa inaenda mbio na mimi naimba. Sijawahi kufurahia kushona namna ile, hata gauni langu mwenyewe la harusi.

Mume wangu alisita. Alisema wenzake kijiweni watamcheka.

“Wakucheke ukiwa hai,” nilimwambia.

Akalichukua, akaenda kulifunga kwenye mzigo.

Siku ya tatu niliomba lifti tena kwenye pikapu ileile, saa ileile. Dereva sikumwambia lolote. Ukungu ulikuwa mzito kuliko siku ile, na nilikaa nimebana mikono katikati ya magoti. Yeye alikuwa ananisimulia jinsi ng'ombe wake bora alivyokufa wakati wa kuzaa. Tukakata kona. Mbali mbele kikatokea kitu cha rangi ya chungwa, taa zetu zikazipata zile tepe, zikang'aa! Nilitaka kupiga kelele, nikauma ulimi. Kama leo mke ndiye wa kumwonyesha dereva, kesho madereva wengine wataonyeshwa na nani?

Dereva hata hakukatiza hadithi. Mguu wake ulitoka kwenye mafuta, ukaenda kwenye breki taratibu, tukawa nyuma ya mume wangu kwa umbali wa kutosha. Machozi ya furaha yakanitiririka nisiweze kuyazuia.

Dereva akanishukuru kwa moyo wangu wa huruma, akaniambia nisilie sana, ng'ombe mwingine atapatikana.