Kuroni ya Meno Arobaini na Tatu

Siku ya kwanza ya kazi sikupewa kiti wala kalamu. Nilipewa beseni ya mazutu, brashi ya waya, na rundo la vyuma vyeusi kama matako ya chungu. Garaji ilikuwa Kimanga, hapa Uvira, nami nilitoka kwetu Rugenge kwa miguu nikiwa nimevaa kitenge cha kanisani, juu waliniambia nitakuwa wa depo, ile stoo ya garaji. Nilidhani depo ni mahali safi. Kufika saa nne ya asubuhi, kitenge kile hakikufaa tena hata kufungia mihogo.

Mazutu ni dizeli, yale mafuta ya moteri kubwa. Piesi ni vile vyuma vya gari ambavyo wengine wanaita vipuri. Mtanivumilia maneno, wajukuu zangu, ndivyo tulivyoyasema kazini, na shule yangu iliishia mwaka wa pili wa primeri. Lakini jina la mtu nikilisikia mara moja halinitoki, na hicho ndicho kilichonilisha miaka yote.

Shefu wa garaji wakati huo alikuwa Muzee Kashindi, mtu mfupi, mpole, asiyependa kelele. Alipita asubuhi ile akaniuliza chuma nilichoshika ni nini. Nikasema sijui. Akasema, “Mama Riziki, piesi chafu haina jina. Osha kwanza, kisha uniambie ni nani.” Alisema hivyo hivyo, ni nani, kama anauliza mgeni mlangoni. Basi nikaviosha, nikaanza kuvifahamu kama watu. Huyu ni wa ambreaji, huyu ni wa freno, zile breki, huyu ni ndugu ya yule wa jana. Mwaka ulipoisha, Muzee Kashindi alinipa funguo za depo, na wanaume wawili waliokuwa wanazingoja walininunia hadi Pasaka.

Ni yeye aliyenifundisha kuhesabu meno. Niwaeleze taratibu, maana habari yote iko hapo. Chini ya gari kuna mfupa mkubwa wa chuma unaotoka gurudumu la kushoto hadi la kuume. Huo tunauita po. Gari ya milima ina po mbili, ya mbele na ya nyuma. Katikati ya po kuna tumbo la mviringo, na ndani ya tumbo mna gia mbili: kubwa kama sahani ya ugali, hiyo ni kuroni, na ndogo kama ngumi, hiyo ni pinyo. Moteri inazungusha fimbo ndefu, kardani, kila po na yake. Kardani inazungusha pinyo, pinyo inazungusha kuroni, kuroni inapeleka magurudumu. Kuroni ikiwa na meno arobaini na pinyo kumi, kardani lazima izunguke mara nne ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Kardani ikizunguka mara nyingi zaidi, gari inapata nguvu lakini haikimbii. Ikizunguka mara chache, inakimbia lakini mlimani inalia.

Kuhesabu kwenyewe ni kuweka chaki kwenye jino la kwanza, ndipo uanze. Asiyeweka chaki anazunguka mpaka anarudia alipotoka na hana habari.

Kuroni na pinyo zinatengenezwa pamoja, zimesuguana tangu kiwandani, haifai kuzitenganisha. Mimi nilizifunga kwa ukanda wa kitenge kila mbili zilizo moja, nikazipanga kwenye rafu. Na kwa sababu kuandika kulinichosha, niliandika namba moja tu kwa chaki: ile ya kuroni. Nikisema “nileteeni Arobaini na Moja ya mbele,” kila fundi alijua. Kila mtu Kimanga akaanza kusema hivyo, hata wauzaji wa piesi za okazio, zile zilizokwisha kutumika. Nilijisifu. Sikujua nimejitegea mtego mwenyewe.

Muzee Kashindi alipopumzika kazi, alikuja Shefu Bitijula, aliyesoma ufundi, mwenye kalamu tatu mfukoni na mashini ya kuhesabia. Mwanzo aliniona kama kitu alichokikuta depo pamoja na rafu. Tulizoeana polepole. Alinikuta nikiimba nyimbo za kwaya huku nikihesabu, akaniuliza nawezaje kufanya yote mawili. Nikamwambia ninapofika mwisho wa ubeti najua ni kumi na sita.

Kwa wakati wake ndipo gari ya maziwa iliposumbua.

Ilikuwa jipu, ile gari ya milima, mali ya koperative moja, ushirika wa wafugaji wa Mulenge, huko juu. Iliteremsha maziwa, siagi na viazi hadi uwanda wa Ruzizi na hapa Uvira, ikapandisha chumvi, sabuni, na wagonjwa waliopona. Dereva wake alikuwa Byamungu, mtu wa utani, aliyejua kila jiwe la njia ile. Mkubwa wake alikuwa Prezida wa koperative, Muzee Kabera, aliyetembea na fimbo na kuongea kwa sauti ndogo, hata ukisongea karibu ili usikie anakugombeza.

Koperative ilipata mapine mapya, matairi marefu kuliko ya kwanza, ili tumbo la gari lisigonge mawe. Kweli halikugonga tena. Lakini gari haikupanda. Byamungu alilazimika kuikokota mlimani kwa ambreaji, ile sahani inayoshika na kuachia nguvu ya moteri, mpaka ikaungua. Tukaweka mpya. Nayo ikaungua. Prezida akaja garaji akasema mbele yetu sote kwamba moteri ni nzima, barabara ni ile ile, basi kilichoharibika ni dereva. Ambreaji mbili anasamehe. Kitu cha tatu kikivunjika, Byamungu ataweka funguo mezani na arudi kulima.

Byamungu alicheka mbele za watu, akasema hata jembe lina mpini, atalizoea. Lakini alipokuja depo kuniaga hakucheka. Alikuwa na miaka kumi na nne kwenye gari ile. “Mama Riziki, minye sijui kazi ingine,” akasema. “Na njia ile, wakiweka muntu mupya, atamwangusha nani huko kwenye mabonde?”

Nikamwambia gari haiko mbaya, ila imevaa viatu virefu na miguu ni ile ya zamani.

Nilichukua kamba. Nikapaka chaki kwenye pine ya zamani, tukaisukuma izunguke mara kumi na moja kwenye uwanja wa garaji, tukapiga kigingi. Kisha pine mpya, kutoka pale pale. Ilifika kwenye kigingi kwa mizunguko kumi tu. Maana yake, kila hatua ya pine mpya ilikuwa ndefu kwa sehemu moja ya kumi, na moteri ilikuwa inavuta hatua hiyo kwa nguvu ile ile. Ni kama kupanda ngazi ukiruka na ndoo kichwani.

Tukafungua po. Kuroni thelathini na saba, pinyo kumi, mbele na nyuma sawa. Nikamwaga maharagwe thelathini na saba kwenye meza ya Shefu. Kwa kila kumi nikaongeza moja. Saba yaliyobaki yalikuwa karibu na kumi, nayo nikayapa moja. Arobaini na moja. Shefu Bitijula akabofya mashini yake, akatazama, akabofya tena.

“Mashini inasema arobaini na kitu.”

“Hicho kitu ndicho harage la mwisho,” nikamwambia. Kuanzia siku hiyo akaacha kunisahihisha Kifaransa.

Sasa tulitafuta kuroni ya arobaini na moja, mbili: moja ya po ya mbele, moja ya nyuma, maana tumbo la mbele ni dogo na gia zake haziwezi kufungwa nyuma. Ya mbele nilikuwa nayo. Ya nyuma haikuwepo. Iliyokuwepo ilikuwa imeandikwa kwa chaki yangu mwenyewe: 43. Shefu akaniuliza itafaa. Nikasema, kwa kinywa changu hiki, kwamba meno yakizidi mawili si neno, nguvu itazidi kidogo, bora kuzidi kuliko kupungua. Aliniamini. Mafundi wakafunga, wakapaka rangi nyekundu kwenye meno kuona yanagusana wapi, kila kitu sawa. Byamungu akaijaribu hadi Kavimvira, kwenye tambarare, gari ikaenda kama mbuzi aliyefunguliwa.

Kwenye tambarare, lakini, gari ile inasukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Mlimani dereva anavuta kijiti kidogo, na ya mbele yanaingia kazini. Byamungu alivuta kijiti kwenye mwinuko wa kwanza wa mawe. Gari ikaguna, ikajikaza kama punda, na kiungo cha kardani ya mbele kikakatika pah. Ilirudi Kimanga ikivutwa na lori la mchanga.

Prezida alifika saa sita ya mchana. Hakupandisha sauti. Byamungu akatoa funguo, akazilaza kwenye meza ya Shefu.

Nilikuwa nimesimama mlangoni kwa depo. Nilikuwa nafikiria yale meno mawili yaliyozidi. Mafundi walikuwa wameshafungua po ya nyuma wakitafuta sababu, kuroni na pinyo zikiwa bado na mafuta. Nikainama, nikaweka chaki, nikahesabu kuroni: arobaini na tatu. Halafu nikahesabu ile ndogo, ambayo sikuwa nimeihesabu tangu ilipoingia rafuni mwangu. Moja, mbili, tisa, kumi.

Kumi na moja.

Nikahesabu tena bila wimbo. Kumi na moja. Ndipo nikaona yote. Kuroni ilikuwa na meno mengi, ndiyo, lakini pinyo nayo ilikuwa kubwa, basi kardani haikufika hata mizunguko minne kwa gurudumu moja. Ya mbele, arobaini na moja kwa kumi, ilikuwa inapita minne. Kwenye jiwe, nyuma ilitaka kukimbia na mbele ilitaka kutembea, na gari ni moja. Lazima kitu kikatike. Hakuna dereva duniani angeizuia. Na hata pinyo ingekuwa ya kumi, mbele na nyuma zisingelingana; neno langu la meno mawili nalo lilikuwa kosa.

Ningeweza kunyamaza. Nani alijua? Chaki ilikuwa yangu, rafu yangu, na kila mtu alikuwa anamtazama Byamungu. Nilikuwa mwanamke pekee wa garaji, na wale wawili walioninunia walikuwa bado wako.

Nikaingia na pinyo mkononi, mafuta yanadondoka kwenye makaratasi ya Shefu. Nikasema, “Prezida, mupe muntu funguo yake. Ni minye njo nilikosea.”

Prezida akaniuliza polepole ninajua ninasema nini. Nikasema ninajua. Nikamwonyesha. Nikamwambia kwamba kwa miaka yote nimeziita gia hizi kwa jina la mume tu, mke sikumuuliza jina lake, na mke ndiye aliyeshika nguvu ya nyumba. Muzee yule akatazama pinyo, akatazama fimbo yake, nikaona mdomo wake unataka kucheka na yeye anauzuia.

“Shefu,” akasema, “huyu mama utamufanya nini?”

Shefu Bitijula akapangusa makaratasi. Akasema, “Nitamupa chaki ya pili.”

Siku mbili tulizunguka kwa wauza okazio. Nikapata kuroni ya nyuma, na mafundi walipoisoma walicheka mpaka wakakaa chini. Thelathini na saba! Ni ile ile tuliyotoa! Nikawaambia wahesabu mke. Tisa. Thelathini na saba kwa pinyo ya tisa ni mizunguko minne na kidogo, sawa na arobaini na moja kwa kumi. Tofauti yake ni unywele, na udongo wa mlimani unaimeza. Shefu alibofya mashini mara tatu, akaandika, akatia sahihi.

Siku ya kupanda, Prezida aliketi mbele, nami akaniambia nikae nyuma kati ya magunia ya chumvi, ili ikikatika nisikie wa kwanza. Sikuwa nimefika Mulenge maisha yangu yote. Mawe yalipoanza, Byamungu akavuta kijiti. Nilishika gunia, nikatega sikio kwa po ya nyuma, kisha ya mbele, nikisubiri kule kuguna. Byamungu na Prezida walikuwa wanabishana juu ya ng'ombe fulani mwenye pembe moja, kama ni wa shemeji yake au si wa shemeji yake. Walibishana muda mrefu. Baridi ikaanza kuniingia.

Nikauliza, “Byamungu, ule mlima mubaya uko mbali bado?”

Akanitazama kwenye kioo. “Mama, tulishaupita wakati wa ng'ombe.”

Aliendesha miaka saba mingine. Mimi niliacha kazi macho yalipoanza kuona jino moja kama mawili. Nilikabidhi depo kwa Nabintu, binti wa ufundi hodari, na kila kuple, kuroni na pinyo yake, rafuni ikiwa na namba mbili za chaki.

Vijana wananipigia simu wakibadilisha mapine, wananiuliza wachague gia gani, nami nawaambia: pimeni kwa kamba, hesabuni zote mbili, mbele na nyuma. Hilo ni rahisi, hata shule haliombi. Kazi ngumu ni ile hatua kutoka mlango wa depo hadi meza ya Shefu. Niliitembea mara nne katika maisha yangu ya kazi, kwa makosa manne, na majina ya wanne walioumizwa ninayo kichwani. Wote niliwaomba msamaha. Kuna kosa la tano, la freno ya baiskeli ya mume wangu, lakini hilo yeye bado anafikiri ni yeye aliyekosea, na kiwiko chake kilishapona.