Umeme Baridi, Bendi ya Karakana ya Baba

Enzi zile za Ngamiani, Tanga, kabla mtu hajaota simu ya kutia mfukoni, muziki mpya ulitufikia kupitia karakana ya baba yangu, fundi seremala. Jumamosi mchana, akishafagia maranda, vijana watatu waliingia na vyombo vyao, nasi watoto tukabanana dirishani na mihogo yetu ya kukaanga, pilipili ikituchuruzisha makamasi.

Walijiita Umeme Baridi. Walipiga nyuwevu, ule muziki wa Kizungu wa kinanda cha umeme na ngoma kavu, ila kwa maneno ya Kiswahili. Dada Zuhura, kama watoto wote wa mtaa tulivyomwita, aliimba, koti la kaka yake likimpwaya mabegani. Hamza alipiga ngoma. Ismail alipiga kinanda, nywele amezisimamisha kwa sabuni ya kufulia. Jasho likimtoka, povu lilimshukia machoni, naye hakuacha kupiga. Majirani walilalamika. Baba aliwajibu, "Waacheni. Wanafanya kazi hao."

Bendi ilidumu miezi minane. Ismail alipata nafasi ya chuo Dar es Salaam, akataka kuikataa. Dada Zuhura akamwambia, "Nenda. Ukibaki kwa ajili yetu, utakuja kutuchukia." Akaenda, akawa mwalimu wa fizikia. Hamza alifungua tanuri la mikate. Dada Zuhura akasomea uuguzi.

Miaka mingi baadaye korona ilinikuta Merrylands, hapa Sydney, nikifanya kazi kwenye bohari la Wetherill Park. Mipaka ilikuwa imefungwa. Baba akalazwa Tanga, kifua kimembana, nami siwezi kupanda ndege. Nilishinda nikiikodolea macho simu mpaka ikaita. Sura ilifunikwa barakoa, lakini sauti niliijua.

"Ni dada yako Zuhura. Nipo wodini kwa baba. Usilie, mdogo wangu, atakusikia."

Kwa siku kumi na moja alinipigia kila alipomaliza zamu, akamshikia baba simu sikioni. Hamza alipeleka uji getini kila asubuhi. Ismail, kutoka shuleni kwake Dodoma, alinieleza taratibu kila namba ya oksijeni niliyotajiwa, kana kwamba mimi ni mwanafunzi wake. Siku baba alipoondolewa mpira puani, aliniuliza kwanza kama nimekula.

Nilimsimulia mwanangu, kijana wa siku hizi, anayetengeneza wimbo mzima peke yake chumbani bila hata kuvaa suruali ya kutokea. Akaniuliza kwa Kiingereza chake cha Sydney kama bendi hiyo ilipata umaarufu. Nikamwambia hapana, iliishia mtaani kwetu.

Zamani zetu mwanamuziki alikuwa mtu unayemwamkia asubuhi, anayemjua mama yako na kujua unaumwa nini. Mwanangu ana wasikilizaji hadi nchi asizozijua, nami nafurahi kwa ajili yake. Ila sijui, siku nikilazwa mimi, nani kati yao atampigia simu.