Mama Aliyeniazima Jino

Walisema sitapata hata jino moja Kisumu. Walisema mwenye diploma arudi kwenye kazi ya diploma, achonge meno ya bandia na kunyamaza. Juzi amefariki mama mmoja aliyeuza mashuka ya mitumba katika soko la Kibuye, na kabla hajazikwa kwao Usenge nataka wote waliosema hivyo wasome ukurasa huu mpaka mwisho.

Wasomaji wangu wanajua, maana siachi kuwaambia, kwamba huko ng'ambo nilifanya kazi katika maabara ya vifaa vya meno na nikarudi bila kubebwa na mtu. Nilikuta madaktari wa hapa wanaziba mizizi ya meno kwa saruji ya kalsiamu silikati, unga mweupe unaochanganywa na maji na kuganda ndani ya jino, mahali pasipokauka kamwe. Ni dawa nzuri. Lakini unga huo hunyonya unyevu wa hewa, na ulipimwa katika vyumba vikavu vya watu wengine. Nani aliupima hapa ziwani, ambapo hata chumvi hulowa mezani? Wagonjwa walirudi na majipu ya fizi, wakang'olewa meno yaliyokwisha kutibiwa, kisha wakalaumiwa kwamba hawapigi mswaki. Mimi nilikataa hadithi hiyo. Nilitaka kujaza saruji hiyo katika meno yaliyong'olewa, kuyaloweka katika wino, kisha kuyapasua nione wino umepenya wapi.

Meno ndiyo yaliyokosekana. Kliniki iliyonipa chumba cha nyuma ilikuwa na sharti moja la haki: jino halichukuliwi bila ruhusa ya mwenyewe. Na kwetu nani humwachia mtu kipande cha mwili wake? "Unataka kuniroga, Bwana?" mvuvi mmoja aliniuliza, shavu limevimba. Mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Maseno, msomi mzima, alicheka kwanza, kisha akatia lake mfukoni. Mwenye kliniki akanipa mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo chumba kingewekwa mashine ya eksrei, na jaribio langu lingekufa.

Ndipo akaja yule mama kung'olewa gego lililovunjika. Alikuwa miongoni mwa watu wa mwisho kutolewa meno sita ya chini utotoni, kwa mila ya zamani ya watu wa ziwa. Nilimweleza ombi langu mbele ya foleni nzima.

"Hizo sita za chini nilitolewa nikiwa mtoto," akasema, "na hakuna mtu aliniuliza. Wewe umeuliza."

"Kwa hiyo unanipa, Mama?"

"Nani amesema kukupa? Nakuazima. Utairudisha."

"Nitakuwa nimeipasua katikati."

"Basi rudisha zote mbili."

Mwanamke mmoja akamwonya kwamba atarogwa. "Nimelalia shuka za wazungu wamekufa miaka yote hii na asubuhi naamka," akajibu. "Jino ndio itaniua?" Foleni ikaangua kicheko, na mvuvi aliyefuata akaniazima lake kabla sijafungua mdomo.

Natamba kwa mengi, lakini neno hilo la kuazima si langu, nalo lilifanya kazi ambayo vyeti vyangu havikuiweza. Tunaambiwa watu wa ziwa wanaogopa sayansi. Uongo. Wamechoka na wataalamu wanaokuja kuchukua damu, mate na majibu, kisha wanapanda vyeo na hawaonekani tena.

Jaribio lilikamilika. Saruji ya kopo kubwa, linalofunguliwa kila mara na kuingia unyevu, ilipitisha wino kama chekecheo. Saruji ileile katika vipakiti vya kutumia mara moja ilishika. Kliniki ikaacha makopo. Walionicheka sasa wanasema kazi yenyewe ilikuwa rahisi.

Dawa ya deni ni kulipa. Nilizunguka nikimrudishia kila mtu nusu zake mbili, hata mhadhiri, ambaye mwishowe naye aliniazima. Wa mwisho alikuwa yule mama, nikamkuta Kibuye akigombana na mteja. Akazigeuza nusu zile juani.

"Yangu ilishika?"

"Ilishika, Mama."

"Sawa. Sasa hakuna deni, nunua shuka."

Nilinunua bila kubishana bei. Anayechukua kitu cha mtu, hata kama ni jino bovu, na arudi nacho. Siku hiyo hakuna aliyenidai kuanzia Kisumu hadi Usenge, nami nilipita katikati ya soko kifua mbele, shuka begani.