Bisahani pembeni ya lavabo

Leo nilipoteza jibu ya mutoto wa mutu, na kosa iko yangu.

Mi natumika ku labo ya hopitali, hapa Kolwezi. Siku tatu nilikuwa naotesha mikrobe ya mu damu ya mutoto mumoja wa Kasulo, juu tujue dawa gani itamuponyesha.

Leo asubui biliota. Bizuri kabisa. Ilibakia tu kupima dawa gani inabiua.

Nikatosha bisahani byenye mikrobe iliotea mu kisanduku ya joto. Kuriani ya umeme ikakatika. Nikabiweka pembeni ya lavabo ya kunawia mikono, nikakimbia kuomba bawashe groupe, mashini ya umeme.

Kurudia, Mama Béa mwenye kusafishaka labo alishabitia byote mu javeli, dawa ya kuua mikrobe.

"Tata, byenye biliota si tunauaka mbele ya kutupa?"

Ni miye njo nilimufundisha. Na pale pembeni ya lavabo, njo tunawekaka bya kutupa.

Sikumugombeza. Alitumika muzuri kunipita.

Kukamata damu ingine haitasaidia. Mutoto alishaanza dawa ya kungojea jibu, akuna kitu itaota tena.

Mama yake iko inje, anaikala ku banc. Kila asubui ananiulizaka: "Tata, biliota?"

Bandugu, namujibu nini? Juu biliota.