Maharage ya Nguzo ya Mwisho

Kila nikisikia harufu ya majani mabichi ya maharage, narudi kwenye kilima juu ya Burungu, ambako Papa, baba yangu, alilinda nguzo zenye waya, ambazo wazungu walizisimamisha ili mashini yao isikilize mawimbi ya jua. Kwetu miti ya kupandishia maharage ilikuwa shida kuipata. Nikapanda maharage yangu kwenye nguzo ya mwisho, nyuma ya matete.

Siku ya kujaribu mashini, ilikoroma tu, haikusikia jua. Fundi muzungu akafuata waya mpaka akayakuta maharage, yamelowa mvua, yameuzungukazunguka waya huo.

“Nani alipanda hii?”

Papa alinitazama kidogo. “Ni mimi njo nilipanda, Patron.”

Akafukuzwa palepale. Jioni Mama alipika yale majani. Papa alikula, akaomba aongezewe. Mimi sikumwambia mtu ukweli, hata siku ya kumzika.