Nilimwambia Baba Kwamba Serikali Ndiyo Iliyonichagulia

Kosa ni langu. Nalitamka mwanzo kabisa usije ukanionea huruma nisiyostahili. Nilimkimbia mdogo wangu akiwa mgonjwa, kisha nikaisingizia serikali. Jina langu nalificha na lake pia. Hapa nitamwita Shabani.

Sisi ni watu wa Bagamoyo, kule mji wa kale, nyumba zimebanana hata jirani akikohoa unampa pole kupitia dirishani. Baba alikuwa na duka la misumari, kamba na mafuta ya taa. Mama alifariki tukiwa wadogo, tukalelewa na shangazi.

Shabani alianza kuugua akiwa kijana, akimsaidia baba dukani. Alisikia watu wakimwita kutoka kisimani. Akawa anavaa shati alilogeuza nje ndani. Halafu akakataa kula, anasema chakula kimetiwa sumu.

Wakati huo mimi nilikuwa nesi katika hospitali moja ya huko huko Pwani, na nyumbani kwetu mimi peke yangu ndiye niliyeweza kumpa dawa. Nilimpikia uji wa mchele kwa tui, nikaonja mimi kwanza huku ananitazama, ndipo naye anywe na kumeza vidonge vyake.

"Dada ameonja," alikuwa akisema. Basi siku hiyo anatulia.

Lakini nilichoka jamani! Nikipita sokoni nasikia, "Yule si dada wa yule kichaa?" Kuna mwalimu mmoja aliniposa. Watu wake walipofika wakamkuta Shabani barazani anazungumza peke yake. Walikunywa kahawa, wakaaga kwa adabu, wala hawakurudi tena.

Sikulia mbele ya mtu. Nilianza kumchukia Shabani kimya kimya. Nilimpikia uji huku namchukia!

Ndipo matroni, mkuu wetu wa manesi, akaniita ofisini. Alikuwa mama mtu mzima, mkali wa kazi, lakini mimi alinipenda.

"Mwanangu," akasema, "umeomba kusomea uuguzi wa wagonjwa wa akili, na umekubaliwa pawili. Nafasi ya kwanza hii hapa, ni ya nchini, hospitali ya huko bara. Nimezungumza nao habari za mdogo wako. Wako tayari kumpokea atibiwe wewe ukisoma. Ukimaliza utarudi huku Pwani, maana huku hatuna hata mmoja aliyesomea kazi hiyo."

"Na ya pili, mama?"

"Ya pili ni Uingereza, miaka mitatu. Ina jina kubwa, sikufichi. Ila utakwenda peke yako. Usinijibu leo. Kaa na baba yako kwanza mshauriane."

Nilimjibu pale pale. Nikasema Uingereza.

Akauliza, "Na Shabani?"

"Nyumbani wapo watu, mama."

Kuna lililonivuta kuliko jina la chuo, na sikumwambia. Nilitaka kuishi mahali ambapo hakuna hata mtu mmoja anayenijua kwamba mimi ni dada wa Shabani. Kule bara ningekwenda naye. Ningekuwa dada wa kichaa darasani, bwenini na wodini!

Jioni ile nikamkuta baba anafunga duka. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamwambia nimepangiwa Uingereza.

"Hapa nchini hawafundishi mambo hayo?" akauliza.

"Wanafundisha, baba. Lakini serikali ndiyo imenichagulia. Hawakunipa nafasi ya kusema."

Baba akamalizia kufunga kufuli. Kisha akasema, "Basi, serikali ikishasema, sisi ni nani? Nenda mwanangu. Mungu atatutazama."

Ole wangu! Uongo ule nilifikiri ni wa siku moja.

Asubuhi ya kuondoka, mizigo iko mlangoni, nikamwambia shangazi kwa haraka haraka, "Uji wake uonje wewe kwanza, ndipo atakunywa." Nilijua vizuri kwamba shangazi alimwogopa Shabani hata kumkaribia. Nikapanda gari. Shabani alisimama barazani ananipungia mkono, anacheka, akidhani nakwenda kazini.

Kule Uingereza mwalimu wetu alimuuliza kila mmoja kama kwao kuna mtu aliyewahi kuugua akili. Zamu yangu ilipofika nikasema hakuna. Wenzangu bwenini nikawaambia mimi ni mtoto wa pekee.

Hapo nikapata nilichokitafuta. Hakuna aliyenijua! Jumapili wenzangu walikwenda kwao au walitembelewa, mimi nikabaki na kitanda changu na dirisha linalotoa maji kwa baridi. Idi ya kwanza niliswali peke yangu kando ya kitanda, nikala biskuti. Sikuwa na mtu wa kumwambia "Idi njema", na nilitamani hata yule jirani anayekohoa. Habari za kwetu sikuweza kumsimulia yeyote, maana kila habari ya kwetu ilikuwa na Shabani ndani yake.

Wodini palikuwa na mzee mmoja wa Kizungu. Kila Jumapili aliniomba nimchane nywele, kisha anakaa karibu na mlango kumsubiri dada yake. Siku nzima anaitazama njia. Nikamuuliza nesi mwenzangu huyo dada anakaa wapi.

"Mji huu huu," akanijibu. "Haji. Amechoka naye."

"Mtu gani huyo!" nikasema kwa hasira. "Hana moyo?"

Maneno yale yalinirudia mwenyewe. Nikaingia chumba cha mashuka, nikajifungia, nikalia mpaka wakaja kunigongea.

Ungedhani hapo ningefunga safari kurudi kwetu. Sikurudi. Niliona aibu kurudi bila cheti.

Mwaka wa pili ikaja telegramu kwamba baba amefariki. Alizikwa mimi niko mbali, nafundishwa namna ya kuwafariji wafiwa.

Niliporejea na cheti changu watu walijaa nyumbani kunipa mkono. Nikauliza Shabani yuko wapi.

Shangazi ndiye aliyenieleza. Shabani alikataa dawa tangu wiki niliyoondoka. Akazidiwa, akawa anatoroka usiku. Baba akashindwa. Ikabidi apelekwe Zinga, shambani kwa baba mdogo, na huko wakamfunga mguu kwenye gogo asipotee.

"Usijilaumu," shangazi akasema, ananifuta machozi kwa kanga yake. "Baba yako mpaka anakata roho alikuwa akisema, 'Wangempa nafasi ya hapa nchini, mwanangu asingemwacha mwenziwe.' Serikali ndiyo iliyowatenganisha."

Na wote waliokuwamo mle ndani wakaitikia, "Kweli kabisa."

Nikawaacha waamini hivyo.

Kesho yake nikaenda Zinga. Nilimkuta kakaa chini anamenya muhogo. Gogo walikuwa wamekwisha liondoa, lakini mguu ulibaki na kovu na anachechemea. Nilikuwa nimevaa sare, maana asubuhi ile nilianza kwa kuripoti kazini.

"Shabani," nikamwita.

Akainuka kwa adabu. "Shikamoo, sista."

"Mimi dada yako."

Akatabasamu, akatikisa kichwa. "Umefanana naye. Dada yangu naye ni sista kama wewe, yuko Ulaya. Serikali imemchukua. Lakini yeye asingekawia hivi."

Nilimchukua, nikarudi naye nyumbani kwetu. Dawa anakunywa, hali yake imetengemaa. Anafagia, anakwenda sokoni, anaswali na wenziwe msikitini. Mengine yote anayaelewa ila hilo moja. Mimi kwake ni sista wa hospitali ninayekaa naye mpaka dada yake arudi.

Shangazi naye amekwisha tangulia. Tumebaki wawili. Tukila, Shabani ananisimulia habari za dada yake: alivyokuwa akicheka, alivyompiga mtoto wa jirani aliyemtupia Shabani jiwe. Nami namsikiliza. Namwonea wivu mwanamke huyo!

Siku moja nilishindwa kuvumilia. Nikaweka kijiko chini.

"Shabani, nisikilize. Haikuwa serikali. Dada yako aliambiwa achague, na kulikuwa na nafasi ya kwenda nawe. Akachagua kukuacha."

Uso wake ukabadilika. Sikuwahi kumwona hivyo hata alipokuwa mgonjwa hasa.

"Sista," akasema, "nakuheshimu kwa sababu unanitibu. Lakini dada yangu usimseme vibaya mbele yangu."

Akasukuma sahani, akaenda kukaa barazani. Siku ile hakula tena.

Ndiyo maana nimekuja kwenu msionijua. Baba kafa akiniamini, shangazi vilevile, na huyu aliyebaki hataki kusikia. Kila mtu mtaani ananisifu: msomi wetu, aliyerudi kumtunza mdogo wake! Nikipita wananisalimu kwa heshima, nami naitikia, kisha nageuza uso.

Wadogo zangu mnaosomea uuguzi, na hasa mnaotaka kwenda kwa wagonjwa wa akili, nawasihi. Mtaletewa vyuo viwili mchague. Mtapima jina, mtapima safari, mtapima cheo. Sawa, pimeni. Lakini kabla hujajibu, rudi nyumbani ukamtazame usoni yule utakayemwacha, ukae naye, na umweleze ukweli mwenyewe kwa mdomo wako, hata kama ukweli ni kwamba umechoka naye. Baba angenikasirikia, najua. Labda angenipiga. Lakini leo kungekuwa na mtu mmoja duniani aliyenijua mimi ni nani.